Paka wawili, shilingi 2,500 kwa mwezi: wale nini hapa Kisumu?

Swali: Daktari, habari za kazi. Naishi Nyalenda na nina paka wawili. Mkubwa ni dume aliyehasiwa, ana miaka minne na kilo nne hivi. Mdogo ni jike wa miezi mitatu, tulipewa na jirani. Siku zote nimewapa ugali uliolowekwa kwa supu ya omena, na maziwa asubuhi. Mkubwa yuko sawa ila manyoya yamepoteza mng'aro. Mdogo tumbo limejaa, mgongo umekonda, na wiki hii ameanza kuchechemea baada ya kuruka kutoka kwenye kiti. Naweza kutenga shilingi 2,500 kwa mwezi, si zaidi. Dukani nimeona mifuko miwili ya chakula kikavu cha paka, mmoja shilingi 600 kwa kilo, mwingine 750. Nimekutumia picha za nyuma ya mifuko yote miwili. Kuna pia chakula cha mbwa ambacho ni rahisi kuliko vyote. Ninunue kipi? Au niendelee kupika?

Jibu: Dada yangu, nianze na mdogo, maana yeye ndiye hana muda wa kusubiri. Paka wa miezi mitatu aliyelelewa kwa ugali na supu, kisha akachechemea kwa kuruka kutoka kwenye kiti tu, mimi hushuku mifupa yake kabla ya kufikiria kwamba mguu umeteguka. Mifupa inayokua hudai kalsiamu kila siku. Isipopatikana kwenye chakula, mwili huichota kwenye mifupa yenyewe ili moyo na misuli viendelee na kazi, na mifupa hubaki dhaifu kiasi cha kuvunjika kwa mruko wa kawaida. Mpeleke kwa daktari wa mifugo wiki hii. Hadi siku hiyo mweke kwenye chumba kisicho na vitu vya kupanda, au kwenye katoni kubwa yenye nguo ya kulalia, na usimkande mguu. Tena nakusihi, usimpe Panadol wala dawa nyingine yoyote ya maumivu ya binadamu. Parasitamoli huua paka, hata kipande cha tembe, kwa sababu ini lake halina njia ya kuivunja nguvu.

Tumbo lililojaa juu ya mgongo uliokonda, kwa umri huo, mara nyingi ni minyoo. Daktari atampima uzito na kumpa dawa inayolingana nao, kisha ataitaka irudiwe baada ya wiki mbili hivi. Fanya hivyo kabla hujanunua mfuko wowote, la sivyo sehemu kubwa ya pesa yako itaishia kwa minyoo.

Sasa tuje kwenye ugali na supu. Najua nyumba nyingi hapa Kisumu hulisha hivyo, na najua ni kwa nini: paka anakula kwa hamu, sufuria inaisha, na omena yenyewe inabaki kwa watoto. Hapo ndipo penye tatizo. Supu ina harufu ya samaki, ina chumvi na kitunguu cha mboga yenu, lakini protini, mafuta na mifupa midogo ya omena vimebaki kwenye sahani ya familia. Paka amekula unga wa mahindi wenye harufu ya samaki. Mkubwa anastahimili kwa sababu amemaliza kukua na pengine anajiongezea panya na mijusi huko nje. Mdogo hana pa kujiongezea.

Paka ni mla nyama kwa maumbile yake, na hilo haligeuki kwa mazoea ya nyumbani. Mbwa anaweza kuishi kwa chakula chenye nafaka nyingi kwa sababu mwili wake unatengeneza vitu kadhaa ambavyo mwili wa paka hauwezi kutengeneza. Paka hawezi kugeuza rangi ya karoti au sukuma wiki kuwa vitamini A; lazima aipate ikiwa tayari kwenye ini, yai au samaki. Hawezi kujitengenezea ya kutosha taurini, kirutubisho ambacho moyo na macho yake hukitegemea, na taurini hupatikana hasa kwenye nyama na samaki. Ikipungua kwa miezi, utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga huharibika, na upofu huo haurudi nyuma. Moyo nao hutanuka na kulegea. Mwaka 1987 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walionyesha kwamba paka wengi waliokuwa wakifa kwa ugonjwa huo wa moyo walikuwa na upungufu wa taurini, na baadhi yao walikuwa wakila vyakula vya kiwandani vilivyodhaniwa kuwa kamili. Walipoongezewa taurini, mioyo mingi ilipata nafuu. Tangu hapo watengenezaji wa chakula cha paka wakaongeza kiwango chake.

Kwa hiyo swali lako la chakula cha mbwa lina jibu fupi: usinunue. Hakilazimiki kuwa na taurini, na kiwango cha chini cha protini kinachotakiwa kwa mbwa mzima ni asilimia 18 baada ya kuondoa maji, wakati cha paka mzima ni 26 na cha paka anayekua ni 30. Paka akionja siku moja hadhuriki. Akilishwa mwaka mzima, ataonekana mzima huku moyo wake ukichoka.

Hizi picha zako za mifuko zimenifurahisha, kwa sababu wengi hutazama mbele ya mfuko, kwenye picha ya paka na minofu ya kuku, na habari yote iko nyuma. Mfuko wa 600 umeandikwa protini asilimia 26, mafuta 9, nyuzi 5, majivu (yaani madini) 9 na unyevu 10. Ule wa 750 umeandikwa protini 32, mafuta 15, nyuzi 3, majivu 7 na unyevu 8. Ukijumlisha namba za kila mfuko na kutoa kutoka 100, kinachobaki ni wanga: 41 kwa wa kwanza, 35 kwa wa pili. Hapo unaweza kukisia nishati. Gramu moja ya protini au ya wanga hukadiriwa kalori 3.5, na gramu moja ya mafuta kalori 8.5. Mfuko wa kwanza unakupa kalori 311 hivi kwa kila gramu 100, wa pili 362.

Dume wako wa kilo nne, aliyehasiwa, anahitaji kalori kama 220 kwa siku. Hizo ni gramu 71 za mfuko wa kwanza, au gramu 61 za mfuko wa pili. Kwa bei ulizonipa, siku moja ya mfuko wa kwanza ni shilingi 43, ya wa pili ni shilingi 46. Tofauti ya shilingi 150 iliyokutisha dukani imekuwa shilingi tatu kwa siku, na kwa hizo tatu unapata protini zaidi na mafuta zaidi. Ndiyo maana huwaomba wafugaji wapime bei ya siku badala ya bei ya mfuko. Mfuko wa bei ya chini huisha haraka, na kinyesi kinaongezeka, kwa sababu sehemu kubwa zaidi ya kilicholiwa inapita tu.

Kuna neno moja la Kiingereza la kutafuta kwenye mfuko: “complete”. Maana yake ni kwamba chakula hicho kimekusudiwa kumtosheleza paka peke yake. Kikiandikwa “complementary” ni cha nyongeza, hata kama ni kitamu na ghali. Kisha angalia kimekusudiwa umri gani. Mfuko wako wa 750 unasema ni kamili kwa umri wote, pamoja na watoto. Wa 600 unasema kwa paka wazima tu. Hilo peke yake linamaliza mjadala kwa upande wa mdogo. Ukitoa unyevu kwenye hesabu, protini ya mfuko wa kwanza ni asilimia 29 hivi. Inamtosha dume lakini haijafikia 30 anayohitaji paka anayekua. Ya mfuko wa pili inakaribia 35.

Orodha ya viungo huandikwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia. Ukiona mahindi au ngano mbele kabisa na nyama imejificha mwishoni, rudisha mfuko kwenye rafu. Usiogope ukisoma unga wa kuku au unga wa samaki: ni nyama iliyokaushwa, na mara nyingi ina protini nyingi kwa uzito kuliko nyama mbichi iliyotajwa kwa sifa. Vipande vya rangi nyekundu na kijani ni vya kumvutia mnunuzi, paka havimhusu.

Kuna wanaokushauri ununue pakiti ndogo za chakula laini chenye mchuzi, na wana hoja. Pakiti iliyoandikwa protini asilimia 8 na unyevu 80 inaonekana duni kuliko kikavu, lakini ukiondoa maji ina protini asilimia 40. Ila pakiti ya gramu 85 huwa na kalori 70 au zaidi kidogo, kwa hiyo dume wako angehitaji karibu tatu kwa siku. Kwa bajeti yako haiwezekani, na hakuna ubaya. Iweke kwa siku ya ugonjwa, anapokataa kula.

Jambo moja la soko letu linanisumbua sana. Maduka mengi hufungua mfuko wa kilo 10 au 20 na kuuza kwa kupima, kikombe au nusu kilo, kwenye bahasha isiyo na maandishi. Bei inavutia, naelewa. Lakini hujui ulifunguliwa lini, hujui tarehe ya kuisha, na wakati mwingine hujui hata kama ni cha paka au cha mbwa. Kwa joto na unyevu wa Kisumu, mafuta yaliyo kwenye chakula hicho huanza kuoza mara hewa inapoingia, na vitamini E na A hupotea nayo. Nafaka zikipata ukungu huweza kuwa na sumu ya aflatoksini, na wanyama wadogo huumia nayo upesi. Chakula ambacho mafuta yake yameoza hunuka kama mafuta ya kukaangia yaliyokaa; ukisikia harufu hiyo, usinunue. Njia bora ya kupata bei ya jumla ni kufanya kama tunavyofanya kwenye chama: majirani wawili watatu wenye paka wanunue mfuko mkubwa uliofungwa, waufungue pamoja siku hiyo hiyo, wagawane, na kila mmoja apige picha ya maandishi ya nyuma. Peke yako usinunue mfuko utakaozidi wiki sita. Kihifadhi ndani ya mfuko wake, toa hewa, kunja mdomo, kisha weka kwenye ndoo yenye kifuniko ili sisimizi wasiingie.

Sasa upande wa jiko, ambao kwa Kisumu ni utajiri mkubwa kuliko wengi wanavyoudhani. Omena ni chakula kizuri sana cha paka ikiliwa nzima. Ina protini nyingi, na kwa kuwa huliwa na mifupa yake, kalsiamu imo ndani. Kasoro yake ni mchanga, hasa ile iliyoanikwa chini ufukweni. Chagua iliyokauka vizuri, yenye rangi ya fedha, isiyonuka mafuta yaliyoharibika, na usichukue ile inayouzwa kwa ajili ya kutengeneza chakula cha kuku. Iloweke kwenye maji ya vuguvugu, uikoroge kwa mkono, uinyanyue kwa chujio na kuacha mchanga chini. Rudia hadi ukipapasa chini ya karai usikute chembe. Chemsha kwa maji kidogo, bila chumvi, bila nyanya, bila kitunguu. Maji hayo usiyamwage, kwa sababu taurini huyeyuka na kuingia kwenye maji ya kuchemshia. Mpe paka pamoja na omena yake. Konzi moja ya omena kavu, gramu 30 hivi, inatosha nusu ya chakula cha dume wako kwa siku.

Kitunguu nakitaja kwa makusudi. Kitunguu maji na kitunguu saumu, viwe vibichi, vya kukaanga au vya unga, huharibu chembe nyekundu za damu ya paka. Viungo vingi vya mchuzi vya pakiti vina unga wa kitunguu. Kwa hiyo toa fungu la paka kwenye sufuria kabla hujaunga mboga, na mtakula wote kwa amani.

Lakini samaki wasiwe chakula chake pekee, na wasiwe wabichi. Samaki wabichi wa aina nyingi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na moto ndio unaokimaliza. Nimewahi kuletewa paka kutoka upande wa ufukwe wa Dunga aliyekuwa akilishwa matumbo mabichi ya samaki kila siku kwa sababu yalikuwa ya bure. Alikuwa amejaa, ana mwili wa kutosha. Lakini kidevu chake kilikuwa kimeinama mpaka kugusa kifua, hawezi kukiinua, na alipowekwa chini alitembea kama mtu anayepapasa ukuta gizani. Mboni za macho zilikuwa zimepanuka mchana kweupe. Alidungwa vitamini B1, na kesho yake alikuwa ameinua kichwa na kutafuta sahani. Angechelewa siku chache zaidi, angepata degedege na pengine kufa, akiwa amezungukwa na chakula. Tena samaki wenye mafuta mengi, wakiwa chakula cha kila siku bila vitamini E ya kutosha, husababisha mafuta ya mwilini kuvimba na kuuma, hata paka akakataa kuguswa.

Mgongo wazi, ile mifupa ya mbuta inayobaki viwandani baada ya minofu kuondolewa, nayo inafaa, hasa nyama ya mashavu na ile iliyong'ang'ania ubavuni. Usinunue iliyokaangwa, kama ile maarufu ya mtaa wa Obunga, kwa ajili ya paka. Mafuta yake yamerudiwa mara nyingi na mifupa imekuwa migumu na yenye ncha. Nunua mbichi, chemsha mwenyewe, kisha chambua nyama kwa vidole, maana mfupa wa mbuta ukikwama kooni utakugharimu kuliko chakula cha miezi kadhaa.

Kwa nyama, mwombe mwenye buchari moyo wa ng'ombe. Moyo una taurini nyingi kuliko nyama nyingine nyingi za misuli, na huhitaji kingi: kipande cha gramu 70 kilichochemshwa kinafika nusu ya mahitaji ya dume kwa siku. Firigisi na mioyo ya kuku ni nzuri vilevile. Kwenye soko la Kibuye utapata wanaouza vichwa, miguu na matumbo ya kuku kwa mafungu. Vichemshe vyote vizuri, kwa sababu kuku mbichi hubeba salmonela inayoweza kuwaumiza paka na watoto wanaomshika, na mifupa iliyopikwa itupe, kwani hupasuka kwa ncha kali. Mapafu hujaza tumbo na yana lishe ndogo. Yawe ya kuongezea tu. Maini ni mazuri kwa vitamini A, na kwa uzuri huo huo yana hatari: paka anayepewa maini kila siku kwa miezi huota mifupa ya ziada shingoni, asiweze tena kujilamba wala kugeuka. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba mara moja kwa wiki kinatosha. Yai limpe likiwa limeiva.

Ukimpikia nyama isiyo na mfupa unahitaji kalsiamu. Osha maganda ya mayai, yakaushe juani, uyatwange hadi yawe laini kama unga wa kupaka usoni. Nusu kijiko cha chai kwa kila nusu kilo ya nyama ndicho kipimo. Kwa siku za omena nzima usiongeze, na kwa mdogo anayekula chakula kamili usiongeze kabisa, kwa sababu kalsiamu ikizidi nayo huharibu mifupa.

Ugali si sumu. Kijiko kimoja kikichanganywa na omena hakina neno, mradi unga usiwe na ukungu. Maziwa unaweza kuyaacha kesho: paka wengi wakishaachishwa kunyonya hawayeyushi sukari ya maziwa, wanaharisha, na mdogo wako hana maji ya kupoteza. Pesa ya maziwa iende kwenye mayai.

Haya, tugawe hizo 2,500. Mdogo apate chakula kamili cha mfuko wa 750 peke yake, hadi afike mwaka mmoja. Watu hushangaa nikiwaambia kwamba paka wa miezi mitatu huhitaji nishati karibu sawa na dume mzima, kwa sababu anajenga mwili mzima kwa wakati mmoja. Mhesabie gramu 60 kwa siku, ugawe mara nne, ukilainisha kwa maji ya vuguvugu. Kwa mwezi ni kilo 1.8, yaani shilingi 1,350. Dume apate nusu ya chakula chake kutoka mfuko huo huo, gramu 30 kwa siku, shilingi 675 kwa mwezi. Jumla ni 2,025. Zinabaki 475, karibu shilingi 16 kwa siku, za kujaza nusu nyingine ya dume: siku tatu za wiki omena nzima, siku mbili moyo wa ng'ombe au firigisi, siku moja yai na samaki kidogo, siku moja chochote cha nyama mlichopika bila viungo. Kwa kuwa nusu ya chakula chake ni kamili, makosa madogo ya upande wa jiko hayatamdhuru. Siwezi kusema hivyo kwa mdogo, ndiyo maana nimempa yeye fungu kubwa.

Kama huna mizani, nenda na kikombe cha plastiki dukani, mwombe mwenye duka akupimie gramu 30 ndani yake, kisha chora mstari kwa kalamu ya wino mzito. Kikombe hicho kitakuwa kipimo chenu, na watoto nao watakipima sawasawa.

Usibadilishe ghafla. Siku mbili za kwanza changanya robo ya chakula kipya na robo tatu za kile walichozoea, kisha nusu kwa nusu, hadi wiki iishe. Mkubwa akigoma, usimwache na njaa ukitumaini atakubali. Paka asiyekula kabisa kwa siku mbili au tatu, hasa mnene, ini lake hujaa mafuta na kushindwa kazi. Mnyunyizie maji ya omena juu ya chakula kipya. Wengi hushindwa kukataa.

Kuhusu dume kuna tahadhari moja zaidi. Chakula kikavu kina maji kidogo sana, na mrija wa mkojo wa paka dume ni mwembamba. Mwekee bakuli mbili za maji safi mbali na sahani ya chakula, na uloweke chakula chake angalau mara moja kwa siku. Ukimwona anachuchumaa mara kwa mara bila kutoa mkojo, analia, au anajilamba chini bila kuacha, hilo ni la siku hiyo hiyo. Mkojo ukiziba, siku moja au mbili zinatosha kumuua.

Utajuaje kwamba pesa inafanya kazi? Pita vidole ubavuni mwake: mbavu uzihisi bila kubonyeza sana, lakini zisionekane kwa macho. Kinyesi kiwe kidogo, kigumu kiasi, chenye rangi moja. Manyoya ya dume yape wiki sita hadi nane kabla hujahukumu, kwa kuwa unywele mpya lazima ukue kwanza. Kila mwisho wa mwezi panda mizani ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, utoe. Dume aliyehasiwa hunenepa kwa urahisi. Akipita kilo nne na nusu na mbavu zikapotea, punguza sehemu ya jikoni kwanza na uache ile ya mfuko ilivyo.

Mdogo akishatoka kwa daktari, nitumie uzito wake na alichoambiwa kuhusu mguu. Kama ni mifupa, atahitaji wiki kadhaa za kutulia bila kuruka, na kipimo cha chakula kitabadilika. Kama ana chini ya kilo moja, anza na gramu 45 badala ya 60, umwongezee kila akimaliza sahani, na usimnyime akitaka zaidi.